Domeini ya bure sawa, mwaka wa pili je?

(Kwa wale ambao hamkuweza kufika, hii ndiyo hotuba yenyewe yote. Slaidi nimeziacha, zilikuwa picha picha tu. Maneno nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, nimepunguza pale tu maiki ilipotusumbua.)

Habari zenu jamani. Haya, asanteni kwa kuja, na waandaaji asanteni kwa kunipa huu muda, najua ni ule muda mbaya wa kabla ya chakula kwa hiyo nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Nianze kwa kuwasumbua kidogo. Nani hapa hajawahi kuona tangazo la "jipatie domeini bure", yaani lile jina la tovuti, la kuishia na .com na wenzake? Hakuna. Haya, nani aliwahi kubonyeza akaichukua? Naona mikono, mingi tu, msione haya, hamna ubaya. Sasa swali la tatu, mlioinua mikono nawauliza nyie: nani anajua, bila kuangalia simu, hiyo domeini inaisha lini, kuilipia tena ni bei gani, na imeandikishwa kwa jina la nani?

Eeh. Mikono imeshuka. Wamebaki wawili na mmoja wao anaangalia simu, nimekuona kaka!

Sasa sikilizeni, mimi sikuja hapa kuwaambia cha bure ni kibaya, hapana, mimi mwenyewe cha bure napokea kwa mikono miwili. Nilichokuja kusema ni hiki: domeini siku unayoichukua haina thamani yoyote. Hakuna anayeijua. Haijaandikwa kwenye bango, haijachapishwa kwenye kadi, hakuna mteja aliyeihifadhi, hakuna tovuti iliyoweka linki kuja kwako. Thamani inaingia taratibu, mwaka baada ya mwaka, na anayeiingiza ni wewe, kwa jasho lako. Kwa hiyo angalia ofa ilivyokaa: unapewa bure wakati ule ambao jina halina thamani, halafu unakuja kudaiwa wakati limeshakuwa na thamani. Na wakati huo huwezi kusema basi chukueni. Hapo ndipo pa kutazama, sio kwenye ile sifuri kubwa ya rangi ya kijani.

Tuanze na swali ambalo watu hawaliulizi. Nani analipa?

Maana zamani kweli ilikuwa bure kwa kila mtu. Jina la kwanza kabisa la .com kuandikishwa ni symbolics.com, tarehe 15 Machi 1985, na kwa miaka kumi baada ya hapo ulikuwa unajaza fomu, unatuma, unasubiri, basi, hulipi kitu. Sio kwamba gharama haikuwepo, ilikuwepo, ila ililipwa na serikali ya Marekani, mwishoni kupitia shirika lao la sayansi, National Science Foundation. Septemba 1995 bomba likafungwa. Kampuni ya Network Solutions ikaruhusiwa kuanza kutoza, dola 100 kwa miaka miwili ya mwanzo na baada ya hapo dola 50 kila mwaka.

Na kwenye miaka ile ya bure kuna kisa nakipenda sana. Mwaka 1994 mwandishi wa habari Mmarekani anaitwa Joshua Quittner alikuwa anaandika makala kwa jarida la Wired kuhusu haya haya mambo ya majina. Akaangalia, akakuta mcdonalds.com haina mwenyewe. Kampuni kubwa vile, dunia nzima inaijua, na jina lake limekaa hapo tu! Akawatafuta kuwauliza kama wanalitaka, hakupata mtu wa kumjibu la maana, basi akaliandikisha yeye. Bure. Baadaye wenyewe walipozinduka wakalitaka, yeye akasema sitaki hela, lipieni shule moja ya Brooklyn iunganishwe na intaneti. Wakalipa, kama dola 3,500 hivi, wakapewa jina lao. Sasa niambieni, zile dola 3,500 zilitoka wapi? Kwenye usajili? Usajili ulikuwa sifuri. Zilitoka kwenye ukweli kwamba kuna mtu jina lile anahitaji kulitumia na hawezi kutumia lingine. Wekeni hiyo akilini maana tutakutana nayo tena, ila safari hii anayehitaji jina ni wewe.

Turudi kwenye leo. Chukua .com. Anayesimamia .com ni Verisign, na Septemba 2024 bei ambayo Verisign wanaitoza kampuni ya usajili, yaani ile inayokuuzia wewe jina, ilifika dola 10.26 kwa kila jina kwa kila mwaka. Juu yake kuna ada ya ICANN, lile shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, hiyo ni senti tu. Hakuna kampuni ya usajili inayoruka hiyo bei, iwe kubwa iwe ndogo. Kwa hiyo ukipewa .com bure ujue kuna mtu ametoa dola kumi na kitu mfukoni mwake kwa ajili yako, na hakujui, na wala sio ndugu yako. Amezitoa kwa sababu anategemea utakaa. Utalipa hostingi, yaani kukodi pa kuweka tovuti yako, utalipa mwaka wa pili, utanunua na vikorokoro vingine. Na hiyo ni biashara halali kabisa, mimi sina ugomvi nayo! Anayetoa dola kumi zake anataka ufanikiwe ili urudi kulipa. Huyo namwelewa.

Ninayemwogopa ni yule ambaye kukupa jina hakumgharimu kitu. Huyo tumwangalie kwa makini.

Hapa nitakaa kidogo, maana hiki ndicho kisa kikubwa kuliko vyote kwenye habari ya domeini za bure na bado watu wanakisahau. Kuna visiwa vinaitwa Tokelau, viko Bahari ya Pasifiki, viko chini ya New Zealand, vitatu tu, watu wake wote ni kama 1,500. Yaani ukumbi mmoja mkubwa wa harusi unawatosha. Na wao, kama nchi na maeneo mengine, wana kiendelezo chao, yaani zile herufi za mwisho wa jina baada ya nukta, .tk. Akaja mfanyabiashara wa Uholanzi, Joost Zuurbier, akaingia nao mkataba, kampuni yake baadaye ikajulikana kama Freenom, ikaanza kugawa .tk bure kwa dunia nzima. Bure bure, huulizwi kadi. Watu 1,500, na .tk ikafika zaidi ya majina milioni 20! Kuna kipindi kilikuwa ndicho kiendelezo cha nchi chenye majina mengi kuliko vyote duniani. Wakaongeza na vingine: .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, .gq ya Guinea ya Ikweta.

Sasa hela ilitoka wapi kama kila kitu ni bure? Hapa ndipo pa kusoma vigezo na masharti, yale maneno ambayo kwenye tangazo la redio yanasomwa mbio mbio mwishoni hata huyasikii. Masharti yalisema, ukichukua jina la bure wewe ni mtumiaji tu, mwenye jina anabaki kuwa wao. Mmesikia? Mwenye jina sio wewe. Unapewa muda usiozidi miezi 12, na kuongeza muda bure unaruhusiwa kwenye siku 14 za mwisho tu, hizo zikikupita imekula kwako. Na jina likiisha au likichukuliwa, wale wageni uliowazoesha kuja wanakuta matangazo, na hela ya matangazo inaenda kwa wao. Kwa hiyo wewe uliyejenga tovuti yako ukaitangaza miaka mitatu, ulikuwa unawaletea watu. Jina likibaki kimya, hawapati kitu na hawapotezi kitu. Likichangamka, ndio linaanza kuwa na faida kwao. Kulikuwa na malalamiko mengi ya watu ambao majina yao yaliondolewa ghafla pale pale tovuti ilipoanza kupata wageni, halafu ukitaka kulirudisha unaambiwa sasa hili ni la kulipia.

Na kwa sababu halina bei na hauulizwi wewe ni nani, nani mwingine alikuja? Matapeli. Tovuti feki za benki, kurasa feki za kuingilia akaunti, spamu, kila uchafu. Mtu anachukua majina mia, anayatumia wiki moja, yanafungiwa, anachukua mengine mia, hajapoteza hata senti.

Mwisho wake mnaujua? Januari 2023 usajili mpya ukasimamishwa. Machi 2023 ikajulikana kwamba Meta, wenye Facebook, wameishtaki Freenom kwa kufumbia macho majina ya kitapeli. Juni 2023 Gabon ikachukua kiendelezo chake, na ikatangaza kwamba majina kama milioni 7 yatafutwa. Milioni saba! Mwezi uliofuata Mali nao wakachukua chao. (Hapo kwa Mali kulikuwa na kioja pembeni: jeshi la Marekani linatumia .mil, watu wakiandika imeili wanasahau herufi moja inakuwa .ml, kwa hiyo kwa miaka barua za jeshi zilikuwa zinaelekea Mali. Haya, tuendelee.) Februari 2024 Freenom wakatangaza wamemalizana na Meta na wanatoka kabisa kwenye biashara ya domeini.

Sasa fikiria ulikuwa na blogu yako nzuri kwenye .ga. Hukumtapeli mtu. Umeandika miaka minane. Unaamka asubuhi jina halipo, na hakuna wa kumpigia simu, maana kisheria jina halikuwa lako hata siku moja. Utamshtaki nani? Kwa risiti ipi?

Na hiyo inanileta kwenye jambo ambalo hata mtu mwerevu linampita. Kiendelezo ni kama mtaa. Hata kama nyumba yako ni safi, mtaa ukiwa na sifa mbaya mgeni anaogopa kuja usiku. Mnaikumbuka .co.cc? Wale wa zamani mnaikumbuka. Ilikuwa ni kampuni binafsi imenunua jina moja tu, co.cc, chini ya kiendelezo cha Visiwa vya Cocos, halafu ikawa inagawa majina madogo chini yake, bure au bei ya kutupa, mamilioni. Julai 2011 Google wakaiondoa yote kwenye matokeo yao ya utafutaji, tovuti zaidi ya milioni 11 kwa mkupuo mmoja, kwa sababu spamu ilikuwa imezidi mno. Hawakukaa kuchambua huyu mwema huyu mbaya. Walifunga mtaa mzima. Na hadi leo watu wa seva za imeili wanafanya hivyo hivyo, kuna viendelezo ambavyo barua ikitoka huko inatupwa kwenye spamu kabla hata haijasomwa, na wewe huku unashangaa mbona wateja hawanijibu.

Nisieleweke vibaya, sio bure peke yake inayofanya hivyo, hata bei ya kutupa ni ile ile. China mwaka 2007 waliweka .cn kwa yuani 1. Yuani moja kwa mwaka mzima. Majina yakapaa, mwisho wa 2008 yalikuwa zaidi ya milioni 13. Halafu mwisho wa 2009 wakakaza, ukitaka jina leta kitambulisho, na ile bei ya yuani moja nayo ikaisha. Mwisho wa 2010 yalikuwa yamebaki kama milioni 4 na kitu. Yale mengine mamilioni tisa yalikwenda wapi? Hayakuwa na mwenyewe wa kweli, yalikuwa yamechukuliwa kwa sababu ni bei chee tu. Na mwaka 2014 kiendelezo cha .xyz kilipozinduliwa, wateja wengi wa Network Solutions waliwekewa jina la .xyz kwenye akaunti zao bila kuomba, kama hulitaki ndio useme. Mtu ana jina ambalo hata hajui analo! Hiyo inanenepesha takwimu za mwenye kiendelezo. Wewe inakusaidia nini?

Ebu sasa tuingie kwenye ile ofa ya kawaida, hii ambayo wengi wenu mnayo, domeini bure ukinunua hostingi. Tuufungue ukurasa wa malipo pamoja, kwenye vichwa vyenu.

Juu kabisa kuna jina lako, limeandikwa kwa herufi nene, pembeni bei ya zamani imekatwa mstari, halafu 0.00. Unafurahi. Chini yake kuna maandishi madogo ya kijivu, kwenye simu hata huyaoni mpaka uvute kwa vidole viwili, yanasema mwaka wa kwanza tu, baada ya hapo itatozwa kwa bei ya kawaida ya wakati huo. Bei ya wakati huo! Sio ya leo. Chini tena kuna kiboksi cha kulipa upya kiotomatiki, tayari kimetikiwa. Kiboksi cha ulinzi wa tovuti, kimetikiwa. Imeili ya kibiashara, majaribio ya mwezi mmoja, kimetikiwa. Na hostingi yenyewe ile bei ndogo uliyoiona kwenye tangazo ni kama utalipia miaka mitatu kwa mkupuo, ukichagua mwezi mmoja mmoja ile domeini ya bure inapotea kwenye orodha. Halafu kwenye masharti, ambayo hakuna anayeyafungua, kuna kifungu kinasema ukivunja hostingi ukarudishiwa hela, gharama ya domeini itakatwa. Kwa hiyo ilikuwa na gharama, si ndio?

Nasema tena, sio wizi. Yote yameandikwa. Ila unatakiwa upige hesabu ya miaka kumi na sio ya mwaka mmoja. Chukua karatasi. Kampuni ya kwanza: mwaka wa kwanza sifuri, miaka tisa inayofuata dola 22 kila mwaka, hiyo ni 198. Kampuni ya pili: hakuna ofa, dola 12 kila mwaka, miaka kumi ni 120. Hizi bei nimezitunga za mfano, lakini sura ya hesabu ndiyo hiyo utakayoikuta. Ya bure imekugharimu dola 78 zaidi.

Na kwenye viendelezo vipya hivi, vile vya maneno maneno, ni zaidi ya hapo, kwa sababu bei yake haina kikomo kilichowekwa. Mwaka 2017 kampuni ya Uniregistry ilitangaza kupandisha bei za baadhi ya viendelezo vyake, vingine hadi asilimia 3,000. Sijakosea sifuri. Mtu alikuwa na jina la .hosting au la .juegos kwa bei ya kawaida, anaambiwa sasa ni mamia ya dola. Kuna kinga moja hapo na watu wengi hawaijui: kwa viendelezo vya kimataifa mwenye kiendelezo lazima atoe taarifa miezi sita kabla ya kupandisha, na taarifa hiyo inaenda kwa kampuni za usajili, na ndani ya muda huo unaweza kulipia mbele mpaka ufike miaka kumi kwa bei ya zamani. Viendelezo vya nchi kila kimoja kina sheria zake, hivyo soma vyake.

Sasa hela ni jambo moja. Jambo baya zaidi ni jina la nani.

Kuna dada mmoja anauza nguo mtandaoni, jina namhifadhia. Alitengenezewa tovuti na kijana mmoja, na kijana akamwambia domeini usijali dada, hiyo imekuja bure na kifurushi. Kweli ilikuja bure. Ila aliyejaza fomu ni yule kijana, kwa imeili yake yeye, na namba yake ya simu. Wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaharakisha kazi iishe. Mwaka ukaisha, taarifa zikatumwa, maana kampuni ya usajili inatakiwa ikutumie kumbusho karibu mwezi mmoja kabla na tena karibu wiki moja kabla. Zikatumwa kwa nani? Kwa kijana. Kijana ameshapata kazi sehemu nyingine, imeili ile haifungui tena. Siku moja wateja wanamwambia dada tovuti yako mbona ina matangazo ya bima na mikopo. Na imeili ya oda, ile yenye jina la duka, imekufa pamoja na domeini. Oda zinatumwa haoni kitu, na mtumaji anafikiri zimefika. Alilipata jina lake mwishoni, lakini kwa faini ya kulirudisha ambayo ingemlipia jina hilo hilo miaka mingi tu.

Alikuwa na bahati, na bahati yake ilikuwa ni kalenda. Kwa .com na wenzake, jina likiisha kampuni ya usajili inaweza kukupa muda wa kulipia kwa bei ya kawaida, hadi siku 45, wengine wanatoa pungufu sana. Likipita hapo linaingia siku 30 za kukomboa, na hapo unalipa faini nzito. Halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, hizo hata uje na gunia la hela hakuna wa kukusaidia. Na likifutwa tu kuna programu zinalisubiri mlangoni, zinalinyakua ndani ya sekunde. Anayelinyakua anapata nini? Anapata linki zako zote, wageni wako, na hili ndilo la hatari, anaweza kufungua imeili zako upya. Akatengeneza ile ile anwani uliyokuwa unatumia kuingilia akaunti zako zingine, akabonyeza "nimesahau paswedi", akapokea ujumbe yeye. Umeona ilivyo?

Na msidhani ni wadogo tu wanasahau. Krismasi ya 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, jina ambalo Hotmail ilikuwa inalitumia ili watu waingie kwenye imeili zao. Watu wakashindwa kuingia. Mtaalamu mmoja wa programu, Michael Chaney, akagundua tatizo ni nini, akatoa kadi yake mwenyewe akawalipia, dola 35, huduma ikarudi. Microsoft! Kwa hiyo wewe na mimi ni nani?

Haya. Najua mnajiuliza, sasa tuchukue au tusichukue? Chukueni, lakini kwa macho. Kama ni kitu cha kujaribu, unajifunza kutengeneza tovuti, ni tukio la wikiendi moja, ni kazi ya darasani, chukua cha bure chochote na usisumbuke. Kama ni jina la biashara yako, la taasisi yako, jina lako wewe mwenyewe, basi chukua ofa kama tu anayekupa ni kampuni ya usajili inayoeleweka, kiendelezo kinaeleweka, bei ya mwaka wa pili imeandikwa na umeiona kwa macho yako, na mwenye jina kwenye usajili ni wewe, kwa imeili ambayo haiko kwenye domeini hiyo hiyo. Hilo la mwisho lirudieni. Imeili ya usajili isiwe kwenye domeini hiyo hiyo, kwa sababu jina likizimika na kumbusho linazimika nalo. Halafu siku hiyo hiyo fungua ile imeili ya kuthibitisha ubonyeze, una siku 15, ukipuuza jina linaweza kusimamishwa na utaanza kumlaumu mchawi.

Na ujue kwamba hufungwi milele. Siku 60 za kwanza baada ya kuandikisha kwa kawaida huwezi kuhama, zikipita una haki ya kuomba msimbo wa kuhamisha na kwenda kampuni nyingine yenye bei nafuu, na kwa .com ukihama unalipia mwaka mmoja ambao unaongezwa juu ya muda uliobaki, haupotei. Kwa hiyo kuna watu wajanja wanachukua mwaka wa bure, wanakula huo mwaka, ikifika miezi kumi hivi wanahama. Ni halali kabisa. Mimi huwa nawapigia makofi hao. Ila angalia kabla hujaichukua kama masharti hayakuzuii, na usisubiri mpaka siku ya mwisho maana kuhama kunaweza kuchukua siku kadhaa.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni wakati naingia, yeye tovuti yake iko kwenye anwani ya bure, ile ya chini ya jina la kampuni nyingine, na ameshaitangaza miaka. Afanyeje? Kaka, nunua jina lako leo, hata kama bado hujajipanga, maana la kwanza ni lisichukuliwe na mwingine. Weka tovuti kwenye jina jipya. Ile ya zamani usiiue, ielekeze moja kwa moja kwenye mpya, elekezo la kudumu, lile la namba 301, kama wanakuruhusu, na kama hawakuruhusu weka tangazo kubwa juu ya ukurasa lenye linki. Halafu kaa chini uandike kila mahali ulipotumia anwani ya zamani: kadi, mabango, kurasa za mitandao ya kijamii, risiti, sahihi ya imeili, akaunti za benki, tovuti za watu waliokuwekea linki, waandikie mmoja mmoja wabadilishe. Inachosha, ndiyo. Na ya zamani iache iendelee kuelekeza muda mrefu kadri utakavyoruhusiwa, sio miezi miwili. Wale wa Freenom wengi hawakuupata huo muda.

Nimemaliza, chakula naona kinaanza kunukia. Maswali karibuni, na mwenye simu afungue akaunti yake sasa hivi aangalie ile tarehe, mtu akikwama anifuate nitamwonyesha pa kubonyeza.